Soksi Ambayo Sikuifua

Mimi si mtu wa redio. Redio yangu huongea tu wakati napiga pasi, na maneno yake hupita kama maji ya kusuuzia. Lakini mwezi uliopita, Jumamosi asubuhi, nilisikia sauti ninayoijua nikasimamisha mkono. Alikuwa Kiberiti. Anastaafu mpira, wanamhoji, wanacheka naye. Mtangazaji akamuuliza kuhusu ile siku timu yetu iliposhuka daraja na yeye, nyota wa timu, amekalishwa benchi. Kiberiti akavuta pumzi kama mtu aliyeonewa, akasema, "Yule mwalimu hakunipenda tu. Sijui nilimkosea nini. Nimemsamehe."

Amemsamehe. Pasi ikaunguza shati la mteja, la kwanza katika miaka arobaini ya kazi yangu, na dhambi ya shati hilo iko shingoni mwake.

Basi nimekaa niandike, na mkono ukichoka nitaupumzisha niendelee. Huyo mwalimu ni mdogo wangu, tumbo moja. Nitasema yeye ni nani, na siku ile kilitokea nini, na ni nani aliyemwambia amweke Kiberiti benchi. Aliyemwambia ni mimi.

Mama yetu alifariki mdogo wangu ana miaka minne. Mimi nilikuwa na kumi na sita, na baba alikuwa baba wa kupita. Nikaingia kazi ya kufua nguo za watu, mtoto nimemkalisha kando ya beseni. Mpira wake wa kwanza nilimfungia mimi, kwa soksi zilizopoteza wenzao. Mteja akiuliza soksi yake ya pili iko wapi, nilimwambia maji yameila. Kumbe mdogo wangu anazipiga ukutani soksi za mji mzima.

Akakua mnene wa miguu, mzito wa maneno. Akajifunza useremala, na jioni akawa beki wa timu ya mji. Wakampa jina Kisiki, kwa sababu washambuliaji walikuwa wakija mbio, wanamgonga, wanaanguka chini, na yeye yuko palepale anawatazama kama anawaonea huruma. Mbwembwe hana. Hata akicheza muziki, anacheza kama anayepima ubao. Magoti yalipochoka wakampa timu aifundishe. Asubuhi ana randa mkononi, alasiri ana filimbi.

Na mimi nilikuwa dobi wa timu hiyohiyo, na mtu asiniambie nilipendelewa. Nilitangulia mimi. Siku alipopewa filimbi nilimwambia kwamba uwanjani ni bosi, lakini nyuma ya jukwaa kuna ofisi yangu, na huko bosi ni mmoja.

Ofisi yenyewe ilikuwa mabeseni matatu ya saruji, bomba linalokohoa kabla ya kutoa maji, na nyaya nne kutoka ukuta hadi ukuta. Kibanio cha nguo situmii. Kibanio ni cha mtu asiyejua kukamua. Nguo ukiikamua ikakamulika, ukaitupa wayani katikati, upepo hauipeleki popote na haibaki na alama. Jezi naanika ndani nje, jua lisije likala rangi. Na sabuni yangu ni ya mche, naikata kwa uzi, haina manukato wala mapambo. Hayo ya kibanio na sabuni myashike, maana mimi mwenyewe nilikuja kuyasahau, na ndipo balaa lilipoingilia.

Nguo hainifichi kitu. Jezi za Jumapili zikiniangukia Jumatatu, naijua mechi bila kuuliza matokeo. Beki aliyeteleza ana majani kwenye nyonga. Kipa mwoga ana viwiko visafi. Anayekimbia kweli, jasho lake likikauka linaacha chumvi mgongoni, mistari myeupe kama ramani. Wachezaji walikuwa wanajua. Wakipita wananiambia, "Bibi, usinisemee kwa Mwalimu," nami nawaambia wakimbie basi, nikose la kusema.

Kiberiti alikuja kwetu mwembamba, kichwa kikubwa juu ya shingo nyembamba, na jina likampata siku hiyohiyo. Namba tisa. Misimu mitatu jezi yake iliniua mgongo. Tope mbele, tope nyuma, chumvi hadi mikononi. Nilikuwa nailoweka peke yake, naitukana, na naipenda. Huyo ndiye aliyetupandisha daraja, kwa miguu yake miwili na fujo zake, na mji ulimpenda kuliko unavyopenda mvua.

Msimu wa nne akazimika. Mechi tisa, bao hakuna. Mtu aliyekuwa anapita katikati ya mabeki kama sindano, sasa akipewa mpira anaurudisha nyuma haraka, kama aliyeshikishwa mtoto wa watu analia. Mji ukagawanyika. Wapo waliosema nyota ni nyota, mwacheni acheze, atawaka. Wapo waliosema kiberiti kilicholowa hakiwaki hata ukikibembeleza. Mwuza nyama wetu alikuwa wa kundi la kwanza, na wa kundi la pili wakienda kununua kwake walipimiwa mifupa. Mwenyekiti wa timu, mwenye duka la saruji na mabati, alikuwa na hoja moja tu, kwamba watu wanakuja uwanjani kumtazama Kiberiti, hawaji kumtazama Kisiki. Akasema pia mbele za watu kwamba timu ikishuka, Kisiki anashuka nayo.

Ikabaki mechi moja, ya Jumapili. Sare ilitutosha. Tukifungwa, tumeshuka.

Alhamisi ile mchana Kisiki alikuja kwangu, akakaa kwenye benchi aliyonitengenezea kwa mikono yake. Nikamwekea chai. Hakuigusa. Timu tulikuwa tumecheza Jumatano, Kiberiti amecheza na hakufanya lolote.

"Dada," akasema, "nguo zake zinasemaje?"

Miaka yote hakuwahi kuniuliza hivyo. Alikuwa na wasaidizi wawili na daftari la mazoezi, lakini alikuja kwangu. Sitasema kichwa hakikunivimba.

Nikamwambia. Jezi namba tisa sasa inanijia safi. Bukta safi. Chumvi hakuna hata ya kuonja. Inakuja imekunjwa, imewekwa juu ya zingine kama nguo ya bwana harusi, mwenyewe keshaanza kujiona. Nikiinusa nasikia sabuni. Yaani mtu amecheza dakika tisini na sabuni ya wiki iliyopita bado inanukia mwilini mwa jezi.

"Hakimbii huyo," nikasema. "Anatembea. Mweke benchi."

"Una hakika?"

"Mimi nilianza kusoma nguo wewe hujajua kuvaa suruali."

Kisha akanieleza, kwa maneno yake machache, kwamba yule ndiye aliyetupandisha, na mtu humtupi kwa msimu mmoja mbaya. Nikamjibu kuwa bao la mwaka juzi halihesabiwi mwaka huu. Akasema yeye ni seremala, randa ikiacha kukata huiweka kando akaitafutia jiwe la kunolea, lakini haipigi teke. Nikamwambia basi aiweke kando, teke nani kamwambia. Tukabishana hivyo mpaka chai ikaota ngozi. Mwishoni akasimama, akasema kuweka kando na kutupa si kitu kimoja, na mimi nikamwambia aite anavyotaka, ila Jumapili Kiberiti aketi.

Ijumaa akaenda redioni, ile redio ya mji. Walimwita wao. Kisiki na kipaza sauti ni kama mbuzi na ngazi. Wakambana, kwa nini nyota hachezi, ana ugomvi naye, kuna jambo gani, na yeye akatafuta neno kichwani akakuta la kwangu. Akasema, "Jezi yake haina jasho. Asiyetoka jasho hachezi kwangu."

Kufikia alasiri ukuta wa nyumba ya Kiberiti ulikuwa umeandikwa kwa mkaa, herufi kubwa, MVIVU. Nilipita pale nikielekea kununua uzi. Nikasimama nikaisoma herufi moja moja, nikaondoka nimenyoosha shingo. Nakiri mara moja tu, msinirudishe tena hapo.

Katika kazi yetu kuna kufua na kuna kuanika. Mdogo wangu siku ile alimwanika mtu, na alimwanika upande wa rangi, katikati ya jua kali. Na aliyemkabidhi nguo alikuwa mimi.

Jumamosi asubuhi nilikuwa namalizia jezi za Jumatano. Zote zilikuwa zimeshaletwa isipokuwa namba tisa. Mtunza stoo akaja nayo mbiombio, akaitupa juu ya beseni, akaondoka bila maneno, na yule ni mtu ambaye salamu zake peke yake huchukua robo saa. Safari hii haikuwa imekunjwa. Nikaichukua, na soksi ilikuwa moja. Nikaikunjua jezi niigeuze ndani nje.

Kwenye pindo la chini kulikuwa na alama mbili. Mbonyeo huku, mbonyeo kule, kama imeng'atwa na panya wawili waliopeana zamu. Meno ya kibanio.

Nikasimama nayo. Nikainusa. Sabuni ya unga, ya maua. Mimi sabuni ya maua sijawahi kununua tangu nizaliwe, na hata wakinipa bure naigawa. Majuma yote yale nilikuwa nanusa sabuni ya mtu mwingine na kudhani ni yangu. Nikageuza ndoo nikaikalia. Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na sikujua kama walikuwa wanamsema dobi.

Jezi ile haikuwa na jasho kwa sababu kuna mtu aliifua kabla yangu.

Nikamwita mtunza stoo. Akaja anatazama viatu vyake. Nikamuuliza mara moja, na sikupandisha sauti, jambo ambalo watu wanaonijua hulihofu zaidi. Akasema kila baada ya mechi Kiberiti huondoka na nguo zake, mke wake anazifua, anazipiga pasi, anazirudisha. Alimsihi mno. Nikamuuliza kwa nini afiche, nguo ni za timu na dobi wa timu yupo. Akasema, "Aliniambia yeyote aone, ila si Bibi."

Nilikwenda hivyohivyo, mikono ina povu.

Nyumba ya Kiberiti ina ua mdogo nyuma. Mke wake alikuwa ameinama kwenye beseni, na kamba yake imejaa vibanio vya plastiki vya kila rangi kama duka. Kiberiti alikuwa kwenye kiti, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya kigoda. Goti lile sijui nililinganishe na nini. Lilikuwa goti na nusu. Ngozi imevutika inang'aa, na pembeni bandeji iliyolowa.

"Shikamoo, Bibi," akasema.

Shikamoo nikaiacha hewani. Nikamwambia aseme.

Akasema. Liliumia mazoezini mwanzoni mwa ile nuksi ya kukosa mabao, kuna kitu ndani kilikatika, alikisikia. Kila mechi ikikaribia huenda kliniki moja wakamvuta maji kwa sindano, akafunga bandeji ya kukaza, akaingia uwanjani. Lile tundu la sindano likawa haliponi. Akikimbia linavuja, damu na maji, yanashuka hadi kwenye soksi. Na dawa ya kuchua inanuka hadi kwenye kola. Alijua nguo hizo zikifika kwangu, sitazigeuza mara mbili kabla Mwalimu hajajua.

"Na Mwalimu akijua kuna nini? Si angekupumzisha?"

"Mkataba wangu unaisha mwezi huu, Bibi. Nikiandikwa mgonjwa wa goti, timu gani itanichukua?"

"Wanakuita mvivu. Wamekuandikia ukutani."

"Waniite. Mvivu huamka siku moja watu wakashangilia. Kilema nani anamngoja?"

Ndipo mke wake akainuka kutoka kwenye beseni. Akachukua soksi iliyokuwa kando, bado haijaingia majini, soksi nyeupe ya timu, akanishikisha. Ilikuwa imekauka ngumu kama gome, kahawia kuanzia juu hadi kisigino.

"Wewe ndiye uliyesema hatoki jasho," akasema. "Jasho lake hilo. Lisome."

Sina ugomvi na yule mwanamke. Angekuwa binti yangu ningejivuna naye.

Nikamwambia Kiberiti kwamba nitamwambia mtu mmoja tu, na anamjua. Akanishika mkono, akanisihi nisiseme hadi baada ya mechi, na nikamuuliza kama anataka kuzikwa na mguu au bila mguu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia, na wewe unaumbuliwa ukiwa hai. Soksi nikaitia kifuani. Nilipofika mlangoni nikageuka, nikamwambia, "Marahaba." Haki yake ilikuwa.

Jioni ile sikumpata Kisiki, alikuwa amewapeleka wachezaji kambini. Nikampata Jumapili, chumba cha kubadilishia nguo, kabla timu haijaingia. Jezi zangu zilikuwa zimeshatundikwa kwenye misumari, namba kwa namba. Nikamwekea soksi mkononi na kumweleza, na sikujikinga. Nikasema nilikosea mimi. Nikamwambia kuna kipaza sauti pale jukwaani, aende aseme mtu yule ni mgonjwa, na kwamba mimi nilisoma vibaya.

Akaigeuza soksi, akaitazama kama anavyotazama ubao wenye ufa. Kisha akanirudishia, akatoka. Nilimwona kupitia dirisha anaongea na Kiberiti kando ya ukuta, wawili tu, Kiberiti kainamisha kile kichwa chake. Aliporudi alikuwa ameshatoa ahadi, na ahadi ya Kisiki ni msumari wa inchi sita. Kiberiti atavaa jezi, atakaa benchi kama aliyeadhibiwa, watu wasiulize. Hataingia hata kwa dakika moja. Goti litatibiwa kimyakimya, na atakapopata timu, apate.

"Na wewe Dada hujaona kitu."

"Na jina lako? Watakula nyama yako mbichi tukifungwa."

"Naitwa Kisiki," akasema. "Kisiki kinaanguka wapi? Kishakatwa."

Nilitaka kumchapa. Miaka ile yote namlea, sijui ni nani aliyemfundisha wema wa namna hiyo. Mimi sikumfundisha.

Mimi wakati wa mechi hukaa mwanzo wa njia ya kuingilia uwanjani, na ndoo ya taulo, hatua chache kutoka benchi. Kwa hiyo ninayosema sikuhadithiwa.

Kipindi cha kwanza sare. Dakika ya sabini wakatufunga, bao la kijinga, mpira uliogonga kisigino cha beki wetu. Upande mmoja wa uwanja ukaanza. Kiberiti. Kiberiti. Kiberiti. Walewale. Mkaa wa MVIVU haujawatoka vidoleni. Mwenyekiti akashuka kutoka jukwaani na suti yake, akamwinamia mdogo wangu sikioni, kidole kinaelekea benchi. Kisiki akatikisa kichwa. Mwenyekiti akarudia kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia, kwamba hilo si ombi. Kisiki akatikisa kichwa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi sitalisamehe, na yule mtu wa redioni anayesamehe watu alisikie.

Kiberiti akasimama. Alikuwa ametoa neno lake kando ya ukuta, mtu na mtu. Lakini jina lake linaimbwa, na masikio yake yanapenda sifa. Akavua koti la mazoezi mbele ya uwanja mzima, akaanza kurukaruka kwa mguu mmoja, ule mzima. Watu wakapagawa. Kisiki akamwendea, akamwekea mkono begani. Watu elfu kadhaa waliona mwalimu anamzuia nyota wake asiokoe timu. Mimi nilisikia.

Kiberiti alisema, "Mwalimu, dakika kumi tu."

Kisiki akasema, "Kumi leo, na mguu lini? Kaa."

Akamkalisha. Picha yake wakaipiga, ikatoka gazetini, mkono begani, na Kiberiti anamtazama kwa macho ya yatima. Hadi leo wenye vijiwe wanaibandika ukutani.

Tukafungwa. Tukashuka. Chupa za maji zikaruka, moja ikampata mdogo wangu juu ya jicho, akajifuta kwa mkono wa shati akatembea hadi ndani bila kukimbia. Shati lile nililifua mimi mwenyewe, jioni ileile. Damu mbichi hutoka kwa maji baridi, ukiiwahi. Asubuhi Mwenyekiti akampa barua pale getini, kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili ana simu sikioni. Mimi barua sikungoja. Nilimwachia mabeseni yake na bomba lake likohoe peke yake.

Mwaka mzima hakuna aliyemwagiza mdogo wangu hata kiti. Walisema mlango wa Kisiki ukifungwa haufunguki tena, na kucheka. Mwuza nyama aligoma kumuuzia, ikabidi niende mimi, na siku hiyo mizani yake ilipima vizuri, maana nilikuwa nimeishika. Na kila mtu aliuliza swali lilelile, kwa nini hukumwingiza, na yeye alijibu jibu lilelile, kwamba alikuwa hajawa tayari. Watu wakaona kiburi. Aliyempa neno la jasho alikuwa anakaa naye meza moja, anakula, amefumba mdomo kwa sababu ameambiwa afumbe.

Kiberiti alipasuliwa mwezi uleule, mbali, kimya. Msimu uliofuata timu kubwa ikamchukua, wakijua ni mvivu tu, uvivu unatibika. Akafunga mabao hadi wakachoka kuhesabu. Miaka sita. Hakuleta shikamoo. Hakuleta hata salamu ya kutumwa. Nikisema, mdogo wangu ananiambia tenda wema nenda zako. Niende zangu wapi, sisi tumebaki hapahapa. Ni yeye aliyekwenda zake.

Wengi bado wanaulizana kama mwalimu anapaswa kumweka benchi nyota aliyezimika. Mimi nawajibu. Kumkalisha ilikuwa sawa, wiki tisa kabla, siku ya kwanza, na Kiberiti angesema ukweli angekalishwa kwa heshima. Kosa lilikuwa neno, na neno lilikuwa langu. Lakini neno nililitubu Jumapili ileile, na soksi mkononi. Yeye ana miaka sita na hajatubu, na badala yake anatusamehe.

Kwa hiyo Jumamosi ile ya redio, baada ya kuunguza shati, niliingia chumbani nikatoa kopo la bati chini ya kitanda. Soksi ilikuwa humo. Katika nguo zote zilizopita mikononi mwangu, hiyo peke yake sikuifua. Nikavaa viatu. Kisiki akanikuta mlangoni, na nywele zina vumbi la mbao, naye alikuwa ameisikia redio huko karakana.

"Unakwenda wapi, Dada?"

"Redioni."

"Alikuwa kijana," akasema. "Aliogopa."

"Sasa ana mvi. Anaogopa nini?"

Akanyoosha mkono, nami nikampa soksi nikidhani anataka kuitazama. Akaenda nayo uani. Akachukua beseni langu, akachukua kipande changu cha sabuni, na huyo mtu hajawahi kufua hata leso, akakunja mikono ya shati aifue. Miaka sita ya ushahidi wangu. Nikafungua mdomo nimfokee.

Kisha nikaona anaenda jikoni kuchukua birika la chai, linatoa mvuke.

Damu haifuliwi kwa maji ya moto. Mtoto wa dobi anajua. Maji ya moto huipika damu ndani ya uzi, na ikishapikwa haitoki tena, uifue hadi kiama. Nilimlea mtu huyu kando ya beseni na hakujifunza hata hilo, alikuwa na shughuli ya mpira. Nikafunga mdomo wangu. Akamimina birika lote. Akasugua, akakamua kama anayenyonga kuku, na soksi ikiwa imelowa doa lilikuwa limefifia, akaona amemaliza kazi. Akaining'iniza wayani. Akaniomba nimwahidi siendi redioni. Nikamwahidi, na mimi neno langu nalo ni msumari.

Kuandika yeye hakukutaja.

Ilipokauka doa likarudi lote, kahawia, kutoka juu hadi kisigino. Anayetaka kuliona aje. Soksi bado iko wayani kwangu, na nimeianika upande wa rangi.